Maji ya Ziwa Kivu yakigeuka kijani: mwongozo kamili wa kujikinga na planktoni yenye sumu

Kila anayeteka maji ziwani Goma au Bukavu anaijua kanuni ya kipindupindu: maji yachemshwe au yatiwe klorini. Kanuni hiyo inaokoa maisha, na hakuna neno hapa chini linaloiondoa. Lakini iko hali moja ambayo kanuni hiyo peke yake haifui dafu, nayo ni pale maji yanapojaa planktoni yenye sumu. Ukichemsha, vijidudu vinakufa na sumu inabaki. Ukitia klorini mapema, unapasua seli na kumwaga majini sumu iliyokuwa imefungiwa ndani yake. Jambo la kushika, basi, ni mpangilio: kwanza chagua maji, kisha ondoa seli zikiwa bado nzima, na mwisho ndipo uue vijidudu.

Tunashughulika na nini

Planktoni ni viumbe vidogo vinavyoelea majini bila nguvu ya kushindana na mkondo. Vingi havina madhara, na bila hivyo hakuna sambaza (dagaa wa Kivu) wala tilapia. Vichache hutengeneza sumu. Baharini zinajulikana zaidi Alexandrium, inayotoa saksitoksini ya kupoozesha neva, na Pseudo-nitzschia, inayotoa asidi ya domoiki. Asidi hiyo ndiyo iliyougulisha watu zaidi ya 100 nchini Kanada mwaka 1987 baada ya kula kome wa Prince Edward Island.

Katika maziwa ya maji baridi, kazi hiyo mbaya hufanywa hasa na sianobakteria, yaani bakteria wa kijani-buluu wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mimea: Microcystis, Dolichospermum, Planktothrix, Raphidiopsis. Microcystis hutengeneza mikrosistini, sumu ya ini ambayo ina zaidi ya aina 200. Raphidiopsis hutoa silindrospermopsini, inayoharibu ini na figo. Nyingine hutoa anatoksini, sumu ya neva, na baadhi hutoa saksitoksini ile ile ya baharini. Mtu wa Goma hayuko salama kwa kuwa tu anakaa mbali na bahari.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrosistini katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 1 kwa lita kwa matumizi ya maisha yote, mikrogramu 12 kwa matumizi ya muda mfupi, na 24 kwa maji ya kuogelea. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, hakina ladha, hakina harufu. Unachoweza kuona ni seli zenyewe, na ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika ukingoni, kabla bidoni (dumu la maji) halijajaa.

Ziwa Kivu kwa kawaida ni safi juu: sahani nyeupe ikishushwa mbali na ukingo huonekana hadi karibu mita 5. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wa kusini huchanganya maji na mwani wa aina ya diatomu hustawi. Sianobakteria zimo mwaka mzima, ila hazijazani kila mahali. Zinapenda maji yaliyotulia, jua kali, na mbolea inayoletwa na mvua: udongo, kinyesi, maji ya sabuni. Kwa hiyo macho yaelekezwe kwenye ghuba zilizofungika, midomo ya mito inayopita katikati ya mitaa kama Kawa kule Bukavu, fukwe za kufulia, na madimbwi ya kando yasiyopata mawimbi. Siku za hatari zaidi ni zile za utulivu zinazofuata mvua kubwa.

Hatua ya 1: Usome ukingo alfajiri

Nenda mapema, kabla ya pirogi (mitumbwi) na wachotaji kuvuruga maji. Sianobakteria nyingi zina vifuko vya gesi ndani ya seli. Usiku wa utulivu hupanda, na asubuhi utazikuta zimekusanyika juu. Upepo ukianza, hubebwa na kurundikwa upande mmoja. Ufuko mmoja unaweza kuwa na utando mzito na mwingine, mita 200 tu kutoka hapo, ukawa mweupe kabisa. Angalia upepo unasukuma kuelekea wapi, na uteke upande unaotoka.

Chuchumaa utazame maji kwa ubavu. Dalili ya mwanzo kabisa ni chembe za kijani zilizotawanyika ndani ya maji, kila moja ndogo kuliko milimita moja, zikipanda polepole. Hatua hiyo wengi huikosa kwa sababu wanangoja utando. Baadaye chembe huungana kuwa mistari juu ya maji, kisha utando. Utando ukianza kufa hupauka, hutoa harufu ya kuoza, na huacha juu ya mawe rangi ya buluu iliyofifia. Buluu hiyo inatoka ndani ya seli zilizopasuka. Ukiiona, jua kwamba sumu nayo imeshamwagika majini, na hakuna kitambaa kitakachoikamata. Huo ndio wakati mbaya kuliko yote, ingawa maji yanaonekana kama yanaanza kupona.

Samaki waliokufa si ushahidi wa sianobakteria peke yake. Katika Kivu wanaweza kufa kwa kukosa oksijeni au kwa gesi inayopanda kutoka chini. Hata hivyo hawaliwi, na maji ya hapo hayatekwi.

Hatua ya 2: Kijiti na chupa

Vaa glavu, au funga mkono ndani ya mfuko wa plastiki usiotoboka. Chovya kijiti kirefu ndani ya ukijani na ukiinue. Kikitoka na nyuzi ndefu zinazoning'inia kama nywele, ni mwani wa kawaida wa nyuzi, unaochukiza lakini kwa kawaida si wa sumu. Kikitoka kimepakwa kijani bila nyuzi, shuku sianobakteria.

Kisha chupa. Tafuta chupa ya kioo au plastiki angavu ya nusu lita hadi lita moja. Jaza robo tatu kwa maji ya chini kidogo ya uso. Usikwangue utando tu, maana utajidanganya. Funika bila kukaza, kwa sababu vijidudu hutoa hewa na chupa iliyokazwa inaweza kupasuka. Iweke ndani ya friji usiku kucha bila kuitikisa. Pasipo friji, mahali pa baridi penye giza panatosha. Asubuhi itazame bila kuinua. Ukijani ukiwa umepanda na kufanya pete shingoni, hiyo ni sianobakteria karibu kwa hakika. Ukiwa umetuama chini, huenda ni mwani mwingine.

Jaribio hili lina mipaka miwili. Halisemi kama kuna sumu, kwa kuwa katika aina moja ya Microcystis wamo wanaoitengeneza na wasioitengeneza, na hadubini haiwatofautishi. Pia, chupa ikitikiswa sana njiani, unaweza kuona matokeo ya uongo. Ibebe mkononi, usiitundike kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.

Uamuzi unafuata hivi. Kukiwa na utando, au buluu juu ya mawe, maji ya ufuko huo hayatumiki kwa kunywa, kupika, kuoga wala kuosha vyombo, hata yakichujwa. Kukiwa na chembe tu au rangi hafifu, hama ufuko. Ukikosa kabisa pa kwenda, fuata hatua zinazofuata kwa ukamilifu. Maji yakiwa angavu, endelea na kanuni ya kawaida ya kipindupindu.

Hatua ya 3: Kuteka

Kosa kubwa ni kulaza bidoni ukingoni likamezea uso wa maji, kwa kuwa tabaka lile la juu la sentimita chache ndilo lenye seli nyingi kuliko mahali pengine popote. Ukitekea mahali pa kina cha magoti, ziba mdomo wa bidoni kwa kiganja, lizamishe hadi maji yafike kwenye kiwiko, ndipo uondoe kiganja. Likijaa, lizibe tena kabla ya kulipandisha. Ukiwa umekanyaga tope, subiri litulie.

Bora zaidi ni kuteka kwenye pirogi, mbali na ukingo, kwa kifaa cha kujitengenezea. Chukua bidoni dogo la lita 5, lifunge jiwe la kilo 9 au 10 chini kwa kamba imara (bila uzito huo bidoni tupu halizami), na kamba ya pili uifunge kwenye kizibo kilichosokotwa kwa kitambaa safi. Weka fundo la alama kila mita moja. Shusha hadi mita 2 au 3, vuta kamba ya kizibo, subiri mapovu yaishe, pandisha. Kamba ya kizibo iwe nyembamba na huru. Ikijisokota na ile ya jiwe, kizibo hufunguka njiani na unateka maji ya juu bila kujua. Wazo la kwenda chini sana halina faida hapa: vilindi vya Kivu vimejaa kaboni dioksidi na methani, na planktoni ya juu inaepukika bila kufika huko.

Hatua ya 4: Kuchuja bila kuponda

Kikwembe (kitenge) cha pamba kilichozeeka ndicho kichujio cha kwanza. Kilichofuliwa mara nyingi kinafaa kuliko kipya, kwa kuwa nyuzi zimelainika na matundu yamepungua. Huko Matlab, Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa sari iliyokunjwa kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu bakteria wake hushikamana na planktoni. Kitambaa hicho hicho kinanasa makundi ya Microcystis. Hakinasi nyuzi nyembamba wala seli moja moja, na wala hakinasi sumu iliyokwisha yeyuka.

1. Kunja kikwembe kiwe na tabaka 8, ukifunge kwa kamba juu ya ndoo safi. Kilegee katikati ili maji yasimwagike pembeni.
2. Mimina polepole, lita moja moja. Maji yapite kwa uzito wake.
3. Usikamue kitambaa, usikikwangue, usisukume maji kwa mkono. Kila seli unayoiponda inatoa sumu yake ndani ya ndoo.
4. Kitambaa kikianza kuwa kijani, badilisha. Maji yakikaa juu ya seli zilizonaswa, yanazisugua na kuzivujisha.
5. Geuza kitambaa kwenye shimo mbali na ziwa, kisima na mifugo, ukisuuze hapo hapo kwa maji yaliyochujwa, ukianike juani hadi kikauke kabisa.

Chujio la kauri, kwa wenye nalo, linafuata baada ya kikwembe. Linanasa seli zilizoponyoka na bakteria wengi. Likiziba, lisugue taratibu kwa brashi laini na maji safi, kisha mwaga lita chache za kwanza. Sumu iliyoyeyuka hupita humo.

Wengi huuliza juu ya makala (mkaa) ya kupikia. Kinachoshika mikrosistini ni kaboni iliyoamilishwa, iliyotengenezwa kwa mvuke au kemikali ili iwe na matundu madogo yasiyohesabika, na hata hiyo hujaa na kuacha kufanya kazi. Makala ya jikoni hayana uwezo huo wa kutegemewa. Yakikusafishia harufu, yanaweza kukupa imani isiyo na msingi.

Shabu hugandisha seli na kuzizamisha zikiwa nzima, lakini hufanya kazi vizuri pH (kipimo cha tindikali ya maji, ambapo 7 ni katikati) ikiwa kati ya 6 na 7.5 hivi, na maji ya juu ya Kivu yana pH ya karibu 9. Ukiitumia, mimina maji ya juu ndani ya saa chache. Tope likilala usiku kucha, seli hufia humo na kurudisha sumu. Pakiti za unga zinazogandisha uchafu na kutia klorini kwa pamoja zitumike baada ya kikwembe, kamwe si kabla.

Hatua ya 5: Klorini, na kwa nini inachelewa Kivu

Sasa maji yamepungukiwa seli, tia klorini. Kwa mmumunyo wa asilimia 1, mililita 4 ndani ya bidoni la lita 20 hutoa miligramu 2 kwa lita. Mmumunyo huo hupatikana kwa gramu 15 za klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70 katika lita moja ya maji. Uache utulie na utumie maji ya juu tu. Pima kwa sindano isiyo na ncha, si kwa kukisia kwa kizibo. Mwishoni klorini iliyobaki iwe angalau miligramu 0.5 kwa lita. Ikipungua, ongeza mililita 2 na usubiri upya.

Usubiri muda gani? Kwenye maji ya kawaida ni dakika 30. Kwa pH ya 9 ya Kivu, klorini nyingi huwa katika umbo dhaifu, kwa hiyo subiri saa nzima. Udhaifu huo ndio pia unaotuzuia kuitegemea dhidi ya sumu: klorini huweza kuvunja mikrosistini pH ikiwa chini ya 8, na anatoksini huigusa kidogo sana hata hapo.

Anayetia klorini kwenye mabidoni ufukoni siku ya ukijani anastahili kuelezwa hili kwa heshima. Kazi yake ni ya lazima. Aombe tu wachotaji wahamie maji angavu, au wachuje kwanza.

Kuchemsha kuna tatizo la ziada: maji yanapopungua sufuriani, sumu iliyobaki hujikusanya zaidi. Mwaka 2014 mji wa Toledo, Marekani, wenye wateja wa maji karibu 500,000, uliwaambia wakaaji wasiyanywe maji ya bomba na wasiyachemshe, kwa sababu mikrosistini ya Ziwa Erie ilikuwa imepita kwenye mitambo.

Usimwage sulfati ya shaba wala dawa yoyote ziwani au tangini ili kuua ukijani. Palm Island, Australia, mwaka 1979, bwawa lilitiwa shaba kwa nia njema kabisa. Siku chache baadaye watu 148, karibu wote watoto, waliugua ini na figo. Mwani ulikuwa umekufa na sumu yote ikabaki kwenye maji ya mabomba.

Maji ya akiba

Kila nyumba ya kando ya ziwa ingefaa kuwa na mabidoni kadhaa ya maji angavu yaliyowekwa kabla ya msimu wa utulivu, maana ukijani ukishafika foleni inahamia kwingine na bei inapanda. Mvua inasaidia, ila Goma ina jambo lake: mvua inayopita kwenye moshi wa Nyiragongo huja na tindikali na floridi, na paa hukusanya vumbi la volkano. Mwaga lita 1 kwa kila mita mraba ya paa kabla ya kuanza kukinga, na siku ambazo moshi umeelekea mtaani kwenu, usikinge ya kunywa.

Maji bora kuliko yote yawekwe kwa ajili ya maziwa ya unga ya watoto wachanga, wajawazito na wenye ugonjwa wa ini au figo. Kwa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine hatari ni kubwa mno, kwa sababu maji hukutana na damu moja kwa moja: Caruaru, Brazili, mwaka 1996, wagonjwa zaidi ya 50 walikufa baada ya kliniki kutumia maji yenye mikrosistini.

Samaki

Sumu hukaa zaidi katika ini, figo na utumbo kuliko katika nyama. Tilapia wa ghuba iliyogeuka kijani apasuliwe tumbo lote, asafishwe kwa maji salama, na kichwa kisipikiwe mchuzi. Sambaza ana shida yake, kwa kuwa tunamla mzima. Mshike mgongoni, bana kichwa kwa kidole gumba na cha shahada, kivute kuelekea tumboni. Kichwa hutoka pamoja na utumbo. Ni kazi ya kuchosha kwa kilo nzima, lakini wiki ya ukijani ina maana. Ununue waliovuliwa usiku katikati ya ziwa, si wa ukingoni. Kukaanga na kuanika juani hakuondoi sumu.

Wanaosafiri Mombasa au Dar es Salaam wajue kwamba chaza na kome huchuja maji mengi na kukusanya sumu ya planktoni nyingi sana mwilini, nako moto hausaidii. Waulize mahali wavuvi wa hapo wanapokula wenyewe.

Mtu akiugua

Kuwashwa ngozi, macho mekundu, koo, kichwa, kutapika, tumbo na kuhara huweza kuanza ndani ya saa chache. Ganzi ya midomo, kuyumba au kupumua kwa shida ni dharura. Hakuna dawa ya kuondoa sumu hizi; tiba ni kumsaidia mgonjwa kupumua na kubaki na maji mwilini. Mwoshe kwa maji salama, mvue nguo zilizolowa, mpe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa.

Kuhara majimaji kama maji ya mchele kuchukuliwe kuwa kipindupindu hadi kituo cha afya kiseme vinginevyo. Usikae nyumbani ukijadili kama ni mwani. Ukifika, mwambie muuguzi mgonjwa aliogelea au alikunywa wapi, na maji yalikuwa na rangi gani.

Mbuzi na mbwa hunywa ukingoni pale pale utando unaporundikana, na mbwa hulamba manyoya yaliyolowa. Wafungwe mbali.

Kurudi ufukoni na kupeleka sampuli

Ukijani ukitoweka, ngoja kama wiki 2 kabla ya kurudia ufuko huo kwa kunywa, kwa kuwa sumu iliyoyeyuka huchelewa kuoza. Mvua moja kubwa inaweza kuuanzisha upya.

Sampuli ifikapo mapema kwa wataalamu, mtaa mzima hupata jibu. Bukavu, Chuo cha ualimu cha ISP kina kitengo cha hidrobiolojia kilichochunguza planktoni ya Kivu kwa miaka mingi, na kituo cha utafiti cha Lwiro hakiko mbali. Jaza chupa mbili za nusu lita. Ya kwanza iongezwe matone ya iodini ya Lugol hadi ifanane rangi na chai hafifu, ili seli zihesabiwe kwa hadubini. Ya pili isiguswe, ifungwe kwenye karatasi nyeusi na kuwekwa kwenye barafu, kwa kipimo cha sumu. Kwenye kila chupa andika kwa kalamu isiyofutika: ufuko, tarehe, saa, kina ulichoteka, upepo ulikotoka, na kama watu au mifugo wameugua. Ile ya sumu ifike maabara ndani ya saa 24.